Siku tatu Pemba: ndege gani wa kutazama?

Dada, umeuliza kama siku tatu Pemba na watoto zinatosha kuona ndege ambao Unguja hawapo. Zinatosha, ila usizimalizie zote ufukweni.

Pemba ina ndege wanne wasiopatikana kwengine popote duniani: ninga wa Pemba (aina ya njiwa), chozi wa Pemba (kidege kinachofyonza maji ya maua), bundi mdogo wa Pemba, na kidege cha manjano chenye duara jeupe kuzunguka jicho. Chozi na huyo wa manjano huna haja ya kuwafuata, wako hata mabustanini, pengine kwenye maua ya hapo utakapolala. Ninga ana rangi ya kijani na kijivu, hujificha majanini. Unaweza kusimama chini ya mti ukasikia matunda yakidondoka na usimwone.

Bundi ndiye wa kumtafutia usiku. Nenda msitu wa Ngezi, mbele ya mji mdogo wa Konde, kaskazini ya Pemba, upange na waongozaji wa pale muingie magharibi ikishaingia. Sauti yake ni moja tu, "hu", ananyamaza, halafu tena "hu". Mwanangu alinishika mkono mpaka tukatoka! Chukueni tochi na nguo za mikono mirefu, mbu wapo.

Mchana mmoja wapeleke watoto Kidike, baina ya miji ya Chake Chake na Wete, wakaone popo wa Pemba. Hao wanakula matunda, na mabawa yakikunjuliwa yanafika kama mita moja na nusu. Wananing'inia mchana kutwa wakigombana. Msiwapigie makofi ili waruke, nimeona wageni wakifanya hivyo.