Waini inanuka mafuta ya taa, niimwage?

SWALI: Anko shikamoo, niko Trier huku Ujerumani, Jumamosi washkaji wanakuja tuonje waini nyeupe za zamani, sasa nimefungua moja ya zabibu za Riesling kutoka huku bonde la Mosel, ya 2008, rangi imekuwa dhahabu kabisa na inanuka kama mafuta ya taa. Imeharibika?

JIBU: Marahaba. Usiimwage jamani! Riesling ikikaa miaka mingi kwenye chupa ndo inatoa harufu hiyo, inatokana na kemikali inaitwa TDN, na waini nyeupe inavyozeeka rangi inakolea wakati nyekundu inapauka. Asidi yake kali ndo inayoilinda miaka yote hiyo. Ikinuka siki au boksi lililoloa, hapo sawa, mwaga.

Ila msiinywe ya baridi sana, nakuomba, nyuzi 10 hadi 12 inatosha, itoe kwenye friji mapema kidogo maana ikiwa barafu utamu wote wa asali na maganda ya machungwa unajificha. Vizibo vya chupa za zamani vinakatika ovyo, vuta taratibu. Anzeni na zile kavu, yaani zisizo na utamu wa sukari, Auslese (ya zabibu zilizoiva sana, kwa kawaida tamu) ije mwisho. Na kama kuna mtu anajua kupika samaki wa kupaka, apike, na Spätlese (ya zabibu zilizochumwa kwa kuchelewa) inaendana nae vizuri mno.