Mama anasafishwa damu na mifupa inamuuma: kalsiamu anywe saa ngapi?

SWALI: Shikamoo daktari. Mama yangu ana miaka 58, tuko Masasi, na huu ni mwaka wa tatu anasafishwa damu mara tatu kwa wiki. Sasa nyonga na magoti vinamuuma, na usiku anajikuna mpaka ngozi inachubuka. Ameandikiwa vidonge vya kalsiamu, anameza kimoja kila siku akienda kulala. Majirani wanasema tumuongezee supu ya mifupa na dagaa ili mifupa ikaze. Ni sawa?

JIBU: Marahaba. Supu na dagaa wekeni kando kwanza. Kwa mtu wa figo, shida kubwa huwa ni fosforasi (madini yaliyomo kwenye chakula) iliyorundikana, na hata huko kujikuna mara nyingi kunahusiana nayo. Figo nzima huitoa kwa mkojo, tena huiamsha vitamini D ili utumbo ufyonze kalsiamu. Figo zikishindwa, fosforasi hupanda, kalsiamu ya damu hushuka, na tezi nne ndogo za shingoni humwaga homoni iitwayo PTH, ambayo huchota kalsiamu mifupani.

Piga hesabu. Chakula cha siku kina fosforasi kama miligramu 1,000, na tuseme 600 zinaingia kwenye damu. Kwa wiki ni 4,200. Mashine, kwa saa nne, hutoa kati ya 600 na 1,000. Hata mambo yakienda vizuri, vipindi vitatu ni 3,000. Zile 1,200 zinazobaki ndizo kazi ya kidonge: kinaishika fosforasi tumboni, chakula kikiwa bado kipo, itoke na choo. Usiku tumbo likiwa tupu hakuna cha kushika. Kalsiamu yenyewe ndiyo inayoingia kwenye damu, na baadaye huganda kwenye kuta za mishipa na vali za moyo.

Kwa hiyo akitafune katikati ya mlo, tena mlo wenye samaki au nyama, si chai na muhogo. Kidonge cha kalsiamu kaboneti cha miligramu 1,250 hushika kama miligramu 50 tu za fosforasi, kwa hiyo kimoja kwa siku huenda hakitoshi. Lakini idadi aibadilishe daktari wake baada ya vipimo.

Dagaa huliwa na mifupa yake, na mfupa ni ghala la fosforasi. Samaki mkubwa asinyimwe, maana mashine inampunguzia protini; mkate vipande, mchemshe, maji ya kwanza yamwagwe. Korosho (najua, huko kwenu ni vigumu kuikwepa) kiganja cha gramu 30 kina kama miligramu 175. Fosforasi yake haifyonzwi yote, ila potasiamu, madini mengine yanayorundikana figo zikishindwa, nayo imo. Soda nyeusi za kola na soseji ni mbaya zaidi: fosfeti, yaani fosforasi inayoongezwa kiwandani, hufyonzwa karibu yote.

Ulizia vipimo: kalsiamu na fosforasi kila mwezi 1 hadi 3, PTH kila miezi 3 hadi 6. PTH inayokubalika kwake ni mara 2 hadi 9 ya kikomo cha juu cha maabara. Ikishuka mno mfupa hulala, haujijengi upya. Ndiyo maana msimnunulie vitamini D, ambayo huishusha PTH, duka la dawa kwa kukisia. Dawa za kiungulia zenye alumini pia hapana, hulainisha mfupa polepole.

Nyonga ipigwe eksirei. Akishindwa kuukanyagia mguu, mpelekeni hospitali siku hiyohiyo.