Kuinua Land Cruiser 79 inchi 2 nyumbani: springi ni sehemu rahisi, angalia vinavyozifuata

Mkuu, umeuliza kama seti ya kuinua Land Cruiser 79 inchi 2 inaweza kufungwa nyumbani na watu wawili wenye jeki, stendi na boksi la spana, na kama kuna jambo ambalo karatasi ya maelekezo haisemi. Kufungwa inafungwa. Nimeshayafunga magari ya mfumo huo, mbele koili na nyuma springi za bapa, na naipenda sana kazi hii kwa sababu hakuna kitu kilichofichwa: ukilala chini ya gari unaona kila kiungo na kazi yake. Ila usidhani kazi yenyewe ni kutoa springi na kuweka springi. Kati ya ekseli na chasisi kuna mpira wa breki, mikono inayoshika ekseli, fito ya panhard, propela inayopeleka nguvu kwenye ekseli, stabilaiza inayozuia gari lisilale kwenye kona, waya na bomba la hewa la difu, yaani nyumba ya gia katikati ya ekseli. Vyote vilikatwa urefu kwa kimo cha kiwandani. Ukiisogeza ekseli milimita 50 mbali na chasisi, kila kimoja kati ya hivyo kinavutwa au kinapindishwa, na gari lililoinuliwa likiwa baya barabarani, ubaya karibu kila mara unatoka huko.

Wenye magari ya mbele yenye miguu inayojitegemea, kama Hilux za koili au Prado, jibu hili si lao. Kule koili imekaa juu ya shokapu, imebanwa muda wote, na kuitenganisha kunahitaji kibano maalumu. Koili iliyobanwa ikichomoka inaua. Peleka shokapu hizo kwa fundi mwenye mashine akuunganishie, kisha wewe fanya kufungua na kufunga tu. Kwenye ekseli nzima kama yako, koili inalegea yenyewe ekseli inaposhuka, ndiyo maana nasema nyumbani inafaa.

Kabla ya kufungua chochote, jiulize gari linabeba nini kila siku. Springi huuzwa kwa uzito, si kwa kimo peke yake. Ile iliyotengenezwa kwa gari lenye bampa la chuma na winchi, ukiifunga kwenye gari tupu, italiinua zaidi ya inchi 2 na utaruka kama uko kwenye trekta. Ile ya gari tupu ukiipa bampa na winchi, ule mwinuko ulionunua utaliwa wote. Nyuma ni vilevile: pikapu inayokaa na kreti la vyuma muda wote si sawa na inayobeba mara mojamoja. Na kwa gari la zamani, sehemu ya kimo utakachopata ni kile tu springi zilichopoteza kwa kuchoka.

Jambo jingine ambalo wengi hawalitaki kulisikia: springi haziinui difu. Chini ya gari, kitu cha kwanza kugonga jiwe ni bakuli la difu, na kimo chake kinategemea tairi peke yake. Tairi ikiongezeka inchi 2 kwa kipenyo, difu inapanda inchi 1. Springi zinaongeza nafasi chini ya chasisi, nafasi ya tairi kubwa kuzunguka bila kukwaruza, na mwendo mrefu zaidi wa ekseli. Ukitaka kupita juu ya mawe makubwa, hesabu tairi pia.

Siku moja kabla, piga brashi ya waya nyuzi za yubolti (bolti za umbo la U zinazobana springi kwenye ekseli) na pini za springi za nyuma, kisha zimwagie mafuta ya kulegeza kutu na uyaache yanywe usiku kucha. Pima pia kimo cha gari kwenye kona zote nne, kutoka katikati ya habu hadi ukingo wa bodi juu ya tairi. Usipime kutoka chini, maana upepo wa tairi utakudanganya. Andika namba hizo. Bila hizo hutajua kama gari limepanda ulivyotaka, wala kama lilikuwa limeshalala upande mmoja kabla hujaligusa.

Usalama nausema mara moja na sirudii: sakafu ngumu na tambarare, tairi zinazobaki chini ziwekewe kabari, stendi chini ya chasisi, na jeki ishike ekseli tu. Jeki ni ya kupandisha na kushusha, si ya kubeba gari wakati mtu yuko chini yake. Kama uwanja wako ni udongo, laza vipande vya chuma kipana au mbao nene chini ya stendi. Stendi ikizama kidogo upande mmoja, gari linahama.

Anza mbele. Stendi ziingie kwenye chasisi nyuma ya mahali mikono ya ekseli inapofungwa. Fungua shokapu, linki za stabilaiza, ncha moja ya panhard, na kile kishikizo cha mpira wa breki. Kisha shusha ekseli polepole, na huyu wa pili asifanye kazi nyingine yoyote zaidi ya kuangalia mipira ya breki, waya za ABS kama zipo, na bomba la hewa la difu. Ukiona mpira wa breki umenyooka, simama hapohapo. Mpira wa breki ukivutwa unaweza kuchanika ndani huku nje ukionekana mzima. Kwa inchi 2 yapo magari yanayohitaji kusogezwa kishikizo tu, mengine yanahitaji mipira mirefu. Kipimo ni ekseli ikiwa imening'inia hadi mwisho wa shokapu mpya, upande mmoja na kisha mwingine. Lazima mpira ubaki na ulegevu. Ukibadilisha mipira, toa hewa kwenye breki zote nne kabla ya kuwasha gari.

Koili mpya ikiingia, izungushe mpaka ncha yake ya chini iingie kwenye kile kigotio cha kikalio. Ikikaa juu ya kigotio, gari litapanda upande mmoja na koili itapiga kelele kila shimo. Seti nyingine huja na koili mbili zisizolingana urefu kwa sababu uzito wa gari haulingani kulia na kushoto, kwa hiyo soma alama kabla ya kuziingiza. Ile mipira ya juu ya koili, kama imepasuka, weka mipya.

Sasa kasta, yaani mlalo wa kuelekea nyuma wa mhimili ambao tairi la mbele hugeukia, ambayo ndiyo inayoleta malalamiko mengi kuliko kitu kingine. Mikono ya mbele inashika ekseli kwa nguvu, kwa hiyo ekseli inaposhuka haishuki wima, inazunguka. Mkono wa mita 1 ukishuka milimita 50 unageuka karibu nyuzi 3, na ekseli inageuka nao. Magari haya hutoka kiwandani na kasta ya nyuzi chache tu, hivyo unaweza kuimaliza karibu yote. Dalili yake utaijua: usukani unakuwa mwepesi kupita kiasi, haurudi wenyewe ukitoka kwenye kona, na gari linatangatanga barabarani kila lori likipita. Watu hubadilisha shokapu ya usukani wakidhani ndiyo mbovu. Dawa ni bushi, yale mabomba ya mpira ya kwenye viungo, zenye tundu lililo pembeni badala ya katikati, au vipande vinavyoshusha mahali pa kufungia mikono kwenye chasisi. Bushi hizo zinahitaji presi na zina uelekeo: zikiingia kinyume zinakuongezea tatizo mara mbili. Mimi ningezinunua pamoja na seti na kuzipeleka zikabanwe kwenye mikono kabla ya kufunga koili, kuliko kufungua tena.

Panhard ni fito inayozuia ekseli isiende kushoto wala kulia. Gari likipanda, fito inainama zaidi na kuivuta ekseli upande mmoja. Kwa inchi 2 ni milimita chache, na wengi wanaendesha hivyo bila shida. Ukiona tairi moja imetoka nje zaidi ya mwenzake kwa jicho tu, tafuta panhard inayorekebishika urefu. Bolti yake usiipige nyundo ili iingie. Shusha tairi zikanyage chini, mwambie mwenzako azungushe usukani kidogokidogo, utaona matundu yanakutana na bolti inateleza kwa mkono.

Nyuma ni kazi ya nguvu. Ekseli ishikwe na jeki, stendi kwenye chasisi mbele ya springi, kisha legeza yubolti kwa kupishana. Pini za springi zilizoshikana na bomba la ndani ya bushi hazitoki kwa nyundo. Ukiona kichwa cha bolti kinazunguka pamoja na bushi, acha kupoteza muda, kata pande zote mbili kwa grainda na uweke mpya. Ondoa kwanza mabomba ya mafuta na breki kwenye njia ya cheche, au uyafunike vizuri. Springi mpya ifungwe jicho la mbele kwanza, kisha la nyuma kwenye kiungo kinachobembea, nati zikiwa zimelegezwa zote. Pandisha ekseli taratibu mpaka kichwa cha bolti ya katikati kitumbukie kwenye tundu la kikalio. Hapo tumia kidole, usitumie macho: kipapase kuzunguka kichwa hicho. Kikiwa kimekaa ukingoni, yubolti zitakibana hivyohivyo, ekseli itakaa mshazari, na gari litakimbia kama linatembea ubavu.

Yubolti ziwe mpya. Zinavutika zinapobanwa, na nyuzi zake zikishavutika hazishiki tena kwa nguvu ileile. Zibane kwa kupishana, kidogo kidogo, nyuzi zinazobaki juu ya nati zilingane zote nne, na umalizie kwa spana ya kupimia nguvu kwa kipimo cha kitabu.

Sasa jambo ambalo naliomba usilipuuze hata kama umechoka na giza linaingia: usibane bushi yoyote ya mpira gari likiwa hewani. Ndani ya bushi mpira umeshikana na bomba la chuma, na bolti ikibanwa, bomba hilo halizunguki tena. Mpira unajipinda kwenda na kurudi kufuata springi. Ukibana ekseli ikiwa imening'inia, umeupa mpira hali hiyo kuwa ndiyo mapumziko yake, na gari likishuka chini mpira unakaa umesokotwa saa zote, hata umeegesha. Unachanika mapema, na wakati huohuo unashikilia gari juu kiasi kwamba vipimo vyako vinakudanganya. Shusha gari kwenye tairi zake, litikise, lisogeze mbele na nyuma, ndipo ubane mikono, panhard na macho ya springi. Bushi za plastiki ngumu za kupakwa grisi zinazunguka kwenye bomba lake, hizo hazina ukali huo, lakini zoea utaratibu mmoja.

Angalia pia kama gari lako lina ile valvu ya breki yenye fito inayounganisha chasisi na ekseli ya nyuma. Inapima mzigo kwa umbali: chasisi ikishuka karibu na ekseli, inajua gari limebeba, inaachia nguvu zaidi breki za nyuma. Sasa umeinua chasisi, valvu inaona gari tupu kuliko tupu, na inapunguza breki za nyuma hata ukiwa na tani nyuma. Hakuna taa itakayowaka kwenye dashibodi kukuambia. Kuna vishikizo vya kuirekebisha fito hiyo kwa kiasi kilekile ulichoinua gari. Weka. Kwangu mimi hiki kinatangulia rangi ya shokapu na kimo chenyewe.

Propela kwa inchi 2 mara nyingi hainuni. Ikitetemeka kwa mwendo fulani na kutulia ukizidisha au kupunguza, angalia pembe za krosi jointi: ya kutokea giaboksi na ya kuingilia difu zinatakiwa zilingane. Kabari ndogo kati ya springi na ekseli hurekebisha nyuma. Vile vipande vya chuma vya kuinulia, vya kuweka kati ya ekseli na springi ya bapa, kwa gari la mizigo sivipendi. Vinaongeza urefu wa wenzo juu ya springi, na ukikanyaga mafuta kwa nguvu ekseli inajaribu kujizungusha.

Ukimaliza, jaribu breki kwa mwendo mdogo mahali pasipo na watu, kisha nenda alaimenti siku hiyohiyo na uombe karatasi yenye namba ya kasta, si kauli ya mdomo. Rekebisha taa za mbele, pua imepanda na unawapofusha wanaokuja. Uliza bima yako na utaratibu wa ukaguzi wa nchi uliko kuhusu mabadiliko ya kimo. Na baada ya kilomita 500 rudi chini ya gari na spana ya kupimia nguvu, uanze na yubolti. Springi zinakuwa zimekaa, na nati ambazo ulizibana vizuri kabisa utakuta zinakubali kuzunguka tena kidogo.