Mshika Bendera Si Kizuizi: Ushauri kwa Wanaosimamia Usalama Katika Ujenzi wa Barabara

Wiki iliyopita nilipokea ujumbe wa msomaji, fundi sanifu kijana ambaye amepangiwa kwa mara ya kwanza kusimamia upitishaji wa magari katika ukarabati wa barabara. Mkandarasi wake amempa fungu dogo la fedha na kumtaka achague kati ya mambo mawili: aongeze vibarua wa kushika bendera, au akodi taa za kuongozea magari zinazotumia umeme wa jua. Alimaliza kwa kuandika, "Kaka, wewe ungefanyaje?" Mdogo wangu, mimi ningekodi taa, na sababu nitazieleza kwa kirefu kwa kuwa najua mpo wengi mnaotaka kupanda ngazi katika kazi hii na ambao mtaulizwa swali hilo hilo.

Miaka ya nyuma nilikuwa msimamizi wa usalama katika mradi wa barabara kuu ambao sitautaja jina. Tulikuwa tukichimba upande mmoja huku magari yakipishana kwa zamu upande wa pili, usiku na mchana. Alama zetu zilikuwa madebe ya rangi yaliyojazwa zege na matawi ya miti. Nilimwandikia meneja wa mradi nikiomba koni ndefu, vizuizi vya plastiki vya kujaza maji na taa za kumulika eneo anakosimama mshika bendera. Nilijibiwa kwamba hatukwenda pale kupamba barabara. Haukupita muda mrefu, lori la mizigo lilishuka kilima usiku, dereva akaiona bendera akiwa ameshachelewa, na kijana aliyeishika akapoteza mguu wake wa kushoto. Katika ripoti iliyoletwa kwangu nitie sahihi, chanzo cha ajali kiliandikwa kwamba mfanyakazi alisimama vibaya. Nilikataa kutia sahihi, na baada ya hapo nikahamishiwa kuhesabu mifuko ya saruji ghalani. Jambo hilo linaniuma hadi leo, wala sitaki kujifanya limekwisha, kwa sababu kijana yule alisimama palepale alipoelekezwa kusimama.

Lori linalokwenda kilomita 80 kwa saa hukata mita 22 kila sekunde. Dereva aliyechoka akitumia sekunde mbili tu kutambua kwamba kile kinachopepea mbele yake ni bendera, ameshamaliza mita 44 kabla mguu haujagusa breki, na uzito wa mzigo bado haujaanza kuhesabiwa. Kitambaa chekundu hakina uwezo wa kulizuia gari. Kinamwomba dereva asimame, na anayeomba ni binadamu aliyesimama mahali ambapo gari litapita iwapo ombi litakataliwa.

Ndiyo maana ninaposoma habari za vifaa vipya huwa najiuliza swali moja tu: je, kifaa hiki kinamwondoa mtu kwenye njia ya gari? Nchini Marekani, ambako zaidi ya watu 800 hufa kila mwaka katika maeneo ya ujenzi wa barabara, wengi wao wakiwa madereva na abiria, mwelekeo uko huko. Zipo mashine zenye mkono wa kizuizi unaoshushwa na kuinuliwa kwa rimoti, na anayeziongoza husimama pembeni kabisa. Yapo malori yenye mto wa kufyonza kishindo mgongoni, ambayo huegeshwa nyuma ya wafanyakazi ili yagongwe badala yao. Na mwaka 2017 jimbo la Colorado lilianza kutumia lori la namna hiyo lisilo na dereva, kwa kuwa hata dereva wa malori ya kawaida ya aina hiyo alikuwa amewekwa pale kungoja kugongwa. Sisi hatutapata lori hilo kesho, lakini wazo lililolizaa halina gharama yoyote, na hakuna mkandarasi anayeweza kusema ameshindwa kulinunua.

Taa za kukodi zinatimiza wazo hilo kwa bei ambayo miradi yetu inaweza kuimudu, mradi uzipange kwa hesabu. Chukua kipande cha mita 400 chenye njia moja. Gari linalokwenda kilomita 30 kwa saa hukimaliza kwa sekunde 48, kwa hiyo baada ya upande mmoja kufungwa, pande zote mbili lazima zibaki nyekundu kwa muda usiopungua huo kabla upande wa pili haujaruhusiwa. Barabara zetu zina bajaji, baiskeli na malori yanayopanda mlima kwa kutambaa, hivyo simama na saa mkononi, mpime anayekwenda polepole kuliko wote, kisha upange taa kwa muda wake. Ule utaratibu wa kumpa dereva wa mwisho tawi alifikishe upande wa pili, kama ishara kwamba njia iko wazi, unategemea dereva asiyesimama njiani kununua mahindi.

Taa peke yake, hata hivyo, haitakuokoa kama magari yanaifikia kwa ghafla. Kanuni ya Marekani ya kuhamisha magari kutoka njia moja kwenda nyingine bila kuyasimamisha, mwendo ukiwa kilomita 70 kwa saa au zaidi, ni kuzidisha upana wa njia kwa mita na mwendo kwa kilomita kwa saa, kisha kugawanya kwa 1.6. Kwa njia ya mita 3.5 na mwendo wa kilomita 80 kwa saa, unapata safu ya koni yenye urefu wa mita 175. Nimepita katika maeneo mengi ya ujenzi ambako koni chache zimekatizwa barabarani ghafla, ndani ya hatua chache tu, halafu msimamizi analalamika kwamba madereva hawana adabu. Pangeni koni kwa urefu unaotakiwa, ziwe za sentimita 70 na zenye mikanda ya kuakisi mwanga, na zikaribiane kiasi cha kuwanyima bodaboda mwanya wa kuchomoka katikati.

Kuhusu vizuizi vya plastiki, vingi nilivyoviona vilikuwa vitupu. Vinanunuliwa, vinapigwa picha kwa ajili ya ripoti ya mwezi, kisha havijazwi maji kwa sababu boza liko kwenye kazi ya kunyunyizia vumbi, na basi la kwanza linalopita kwa kasi linavisogeza kwa upepo wake. Kizuizi kisichojazwa na kisichofungwa kwa pini na mwenzake ni rangi tu barabarani. Madebe ya zege nayo nayakataa kabisa, maana gari likiyagonga yanaruka na kumfuata mfanyakazi uliyekuwa ukimlinda.

Vizibao vya kuakisi navyo hufa mapema kwa vumbi la moramu. Mwanga wa gari unarudishwa na vishanga vidogo vya kioo au vipembe vidogo vilivyomo kwenye mkanda, na tope likivifunika, kizibao cha bei kubwa kinakuwa shati la kawaida. Ndoo ya maji na kitambaa laini kila jioni, kwa vizibao, koni na vibao, ni kazi ambayo lazima apewe mtu anayejulikana.

Mradi tuliokabidhi mwaka huu ulifuata haya yote, na hakuna mfanyakazi wetu hata mmoja aliyegongwa na gari. Najivunia jambo hilo kuliko cheti chochote nilicho nacho. Tuliweza kwa sababu mkandarasi alikubali tangu kwenye zabuni kutoweka bei ya mkupuo, yaani bei moja ya jumla, kwa kazi ya kupitisha magari. Vipimo Sanifu vya Kazi za Barabara vya Tanzania vya mwaka 2000 vina sehemu inayohusu kazi hiyo. Kwa hiyo omba koni, vizuizi na taa viandikwe kimoja kimoja na vilipwe kwa mwezi, kulingana na vilivyohesabiwa barabarani na mhandisi mshauri. Kifaa kinacholipwa kwa kuonekana hakibaki ghalani.

Kwa mkataba wako wa kukodi, mdogo wangu, hakikisha umeandikwa nani analipa betri au paneli ikiibwa, taa mbadala inafika baada ya saa ngapi moja ikizimika, na nani amefundishwa kubadilisha muda wa nyekundu kazi inapohamia kipande kingine. Ajiri mlinzi wa usiku kwa fedha utakazookoa kwa washika bendera, na kibanda chake kijengwe nje ya barabara, nyuma ya mtaro.