Geuza gari kwanza, ndipo utazame wingu

Mwaka wangu wa pili Kanada nilikwama kwenye tope kusini mwa Regina, mji mkuu wa jimbo la Saskatchewan, mbele yangu wingu la kijani kama mlenda, nyuma yangu barabara ambayo nusu saa kabla ilikuwa kavu kabisa. Mwenzangu, dada wa Goma ninayefanya naye kazi ya kuhudumia wazee, alitazama juu, akanitazama mimi, akasema taratibu: "Dada, hii wingu haiko ya kucheka nayo."

Nitasimulia tulivyotoka. Kwanza niwajibu wanaoniuliza kila ifikapo Mei: "Na mimi nataka kuja kuona tonado, nianzie wapi?" Anzia kwenye barabara. Mawingu utajifunza baadaye, na hayaishi.

Nimekulia Mwanza. Baba alivua dagaa usiku wa giza, karabai ikiwaka mtumbwini. Usiku upepo wa nchi kavu hushuka ziwani kutoka pande zote, ukakutana katikati, hewa ikakosa pa kwenda ila juu, na ghafla ziwa linachafuka. Kwetu mvua ndiyo humfukuza mtu. Nilipompigia baba simu kumweleza kuwa huku watu wanajaza mafuta kwenye gari ili waifukuzie mvua, alinyamaza, kisha akaniuliza kama nakula vizuri.

Msimu wa tonado katika nyanda za majimbo ya Alberta, Saskatchewan na Manitoba ni hasa Juni na Julai, kuanzia kama saa tisa alasiri. Mwishoni mwa Juni jua la Regina huzama baada ya saa tatu usiku, kwa hiyo mwanga wa kutazamia upo mwingi. Kinachotakiwa ni unyevu chini, ubaridi juu, na pepo zinazobadili kasi na mwelekeo kadiri unavyopanda, ili wingu lianze kujizungusha. Wingu la namna hiyo huitwa superseli. Halafu kuna tabaka la hewa ya joto juu ya unyevu, linalokaa kama mfuniko wa sufuria. Mfuniko ukigoma kufunguka, utakaa pembeni ya shamba la kanola, zao la mafuta ya kupikia, siku nzima unapigana na mbu, kisha urudi nyumbani. Kwangu siku za hivyo ndizo nyingi. Ndani ya misimu saba nimeona tonado nne, na moja kati ya hizo ilikuwa mbali kiasi kwamba mwenzangu hadi leo anasema ulikuwa moshi.

Nikisema tonado sizungumzii chamchela cha vumbi uwanjani, wala kimbunga cha baharini kinachotangazwa siku tatu kabla. Huo ni mzunguko wa upepo unaotoka tumboni mwa wingu hadi ardhini, na mara nyingi unakupa dakika chache tu. Regina, mji ninaoishi, ulipigwa tarehe 30 Juni 1912, watu 28 wakafa, na Kanada haijapata tonado iliyoua wengi kuliko hiyo.

Sasa barabara. Ardhi ya huku ilipimwa miraba tangu karne ya 19. Saskatchewan, njia za kaskazini kwenda kusini zimepangiwa kila maili moja, za mashariki kwenda magharibi kila maili mbili. Kwenye ramani utadhani karatasi ya hesabu, na hapo ndipo mgeni anapodanganyika, kwa sababu mistari mingine ipo kwenye ramani tu. Ukifika unakuta nyasi, au bwawa, au njia ya udongo mtupu isiyo na kokoto. Na udongo wa Regina ni mfinyanzi mzito, wenyeji wanauita gumbo. Ukilowa unaganda kwenye tairi, unapanda, unajaa chini ya madigadi mpaka gurudumu linashindwa kuzunguka.

Ndicho kilichotupata. Simu ilinionyesha njia ya mkato, nikaifuata. Manyunyu ya kwanza tu, yale ambayo Mwanza hayamwondoi mtu kibarazani, gari likaanza kuteleza kama liko juu ya ndizi, likalala pembeni. Nilikuwa sijui hata upande wa pili wa ile njia unatokea wapi. Kibaya zaidi, nilikuwa nimeingia nikiwa nimelielekeza gari kwenye wingu, maana nilitaka picha ipitie kioo cha mbele.

Tangu siku ile nina utaratibu ambao wenzangu wananicheka nao. Kabla ya saa sita mchana tangi limejaa, kwa sababu kwenye vijiji kituo cha mafuta ni kimoja na hufunga mapema. Ramani ya karatasi imo, maana mtandao hukatika pale pale unapouhitaji, na picha ya rada unayoiona kwenye simu ni ya dakika kadhaa zilizopita, siyo ya sasa. Nikifika mahali pa kusimama, nageuza gari likatazame ninakotaka kukimbilia. Injini haizimwi. Njia ziwe mbili, za kokoto au lami, na nimezipita zote mbili kwa macho yangu mwenyewe. Zikikosekana, naondoka hata kama wingu ni zuri namna gani.

Dhoruba nyingi za huku hutoka magharibi au kusini-magharibi kwenda mashariki au kaskazini-mashariki. Kwa hiyo simama kusini-mashariki yake, ukitazama kaskazini-magharibi. Hapo unaona kitako cha wingu kikiwa wazi, mvua na mawe ya barafu vikiwa upande wa pili. Nasema "nyingi" makusudi. Tonado ya Elie, Manitoba, tarehe 22 Juni 2007, ambayo ilipewa F5, daraja la juu kabisa la nguvu za tonado, ilikata kona na kujizungusha kama mtu aliyesahau kitu nyumbani, ikainua nyumba nzima hewani. Hakuna aliyekufa, na kila nikitazama ile video nashindwa kuelewa waliponaje. Kule El Reno, Oklahoma, Marekani, tarehe 31 Mei 2013, tonado ilipanuka kufikia kilomita 4.2 huku ikibadili mwelekeo, ikamuua Tim Samaras, mwanawe Paul, na mwenzao Carl Young. Hawa walikuwa watafiti wazoefu kuliko mimi na wewe na wote tunaowafuata mitandaoni.

Ishara moja ishike vizuri. Tonado ukiiona haiendi kushoto wala kulia, inanenepa tu, ujue inakuja kwako. Na usijifiche chini ya daraja la barabara kuu. Upepo hubanwa pale na kuongeza kasi. Oklahoma tarehe 3 Mei 1999 watu walikufa wakiwa wamejificha namna hiyo.

Ila mimi tonado si ndiyo inayoninyima usingizi. Radi naiogopa zaidi. Kwenye uwanda usio na mti, mtu aliyesimama na miguu mitatu ya kamera ndiye mti wenyewe. Hesabu sekunde kati ya mwanga na ngurumo, kila tatu ni kilomita moja, japo mimi nikisikia tu ngurumo naingia garini, vioo juu, mikono mapajani. Halafu mvua ya mawe: tarehe 1 Agosti 2022, karibu na Markerville, Alberta, watafiti waliokota jiwe la barafu la gramu 292.71, kipenyo milimita 123. Likikushukia hilo, kofia ya sufu haitakusaidia kitu.

Mawe yetu siku ile hayakufika huko. Yalianza kama njegere, yakawa mayai ya kware, mwishoni machache mayai ya kuku. Tulilaza viti, tukajifunika blanketi mbili za kuhudumia wazee ambazo zilikuwa zinapelekwa kufuliwa, tukatulia. Kelele yake ni kama uko ndani ya debe na watoto wa shule nzima wanalipiga kwa fimbo. Kioo cha mbele kiliingia nyufa kutoka kona hadi kona, hakikuanguka. Mwenzangu aliimba pambio moja tangu mwanzo hadi mwisho, akirudi kwenye ubeti wa kwanza kila alipousahau wa tatu. Kitako cha wingu, kile nilichokuja kukipiga picha, kilipita kaskazini yetu, nasi hatukukiona.

Baada ya kama saa nzima akaja mzee mmoja na trekta. Hakuuliza tumefuata nini. Bila shaka alikuwa ameshawaona wa aina yetu. Alifunga mnyororo, akatuvuta taratibu hadi kwenye kokoto, akakataa hela. Nikamshukuru, nikaona haya kidogo, nikatafuta la kusema, nikasema lile wingu lilikuwa zuri sana.

Akageuka akatazama shamba lake. Zilikuwa dengu, ekari sijui ngapi, na zote zimelala chini, majani yamechanwa vipande, harufu ya majani mabichi imejaa hewani kama jikoni wanapokata mchicha. Mawe meupe yalikuwa bado yanayeyuka kwenye mifereji.

"Picha umepata?" akaniuliza.

Nilikuwa nimepata moja, kabla hatujakwama. Sijawahi kuiweka popote. Siku hizi nikipita shamba lililopigwa, kamera inabaki kwenye begi. Ninachotuma ni ukubwa wa mawe na mahali yalipoanguka, kwa alama ya #skstorm ambayo watabiri wa hali ya hewa huifuatilia, kisha naendesha.

Baba bado anauliza kama nakula vizuri.