Ukiisoma historia ya mavazi ya panki, anza na mishono

Wadogo zangu mnaoingia mwaka wa kwanza wa ubunifu wa mavazi, mkipewa kazi ya kuandika kuhusu panki (punk), ule mtindo wa muziki na mavazi wa vijana wa miaka ya 1970, msikimbilie picha za vijana walionyoa pande za kichwa na kusimamisha nywele katikati. Mtindo ule ulishika kasi mwanzoni mwa miaka ya 1980. Mavazi yenyewe yalikuwa yamekwishapata sura yake mwaka 1976, na ukichanganya miaka hiyo huwezi tena kueleza nani alimwiga nani.

Shikeni anwani moja: 430 King's Road, London. Mwaka 1971 Malcolm McLaren na mbunifu wa mavazi Vivienne Westwood waliuza pale mavazi ya vijana wa miaka ya 1950, duka likiitwa Let It Rock. Jina lilibadilishwa zaidi ya mara moja: 1974 likawa SEX, lenye nguo za mpira na ngozi, na mwishoni mwa 1976 likawa Seditionaries. Ila msiishie London. Kule New York, mwanamuziki Richard Hell alikuwa akipanda jukwaani na fulana zilizochanika kabla ya hapo. McLaren alimwona, akarudi Uingereza 1975 na wazo hilo kichwani.

Sasa njooni kwenye nguo, maana ndipo utamu ulipo. Westwood alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na ushonaji alijifunza kwa kufumua nguo kuukuu aone zilivyounganishwa. Fanyeni hivyo hivyo: nunueni koti la mtumba, fumueni mkono na kola, kisha lirudisheni kama lilivyokuwa. Halafu jaribuni suruali ya mikanda (bondage trousers) ya duka lile, ya 1976. Ni ya pamba nyeusi yenye mng'ao; zipu inaanzia mbele, inapita chini katikati ya miguu na kupanda nyuma; magoti yameunganishwa kwa ukanda, na nyuma kinaning'inia kipande cha kitambaa. Kuigeuza zipu ile pale chini bila kitambaa kukunjamana ni kazi ya fundi hasa. Ukiishona mwenyewe, hutathubutu tena kuandika kwamba panki ilikuwa kuchanachana tu.

Shati la Anarchy (yaani la “vurugu bila serikali”), nguo nyingine ya duka lile, nalo lilitengenezwa kwa mashati ya zamani yenye mistari: yalitiwa rangi, yakachapwa maneno, yakabandikwa viraka, vingine vikiwa na picha ya Karl Marx. Kazi ilikuwa ya mkono, kwa hiyo hayafanani. Nguo bandia za duka lile zimejaa sokoni. Ukipata nafasi ya kushika moja, igeuze ndani nje kwanza, uangalie nyuzi na lebo kabla ya kusifia maandishi ya mbele.

Mtakutana pia na maelezo kwamba vijana wasio na ajira walibuni, kisha miaka mingi baadaye wabunifu wa matajiri wakauchukua mtindo huo. Ukosefu wa ajira Uingereza ulikuwepo kweli na uandikwe. Lakini Zandra Rhodes, mbunifu wa Uingereza aliyewavalisha matajiri, alitoa magauni yenye matobo ya makusudi na pini zilizopambwa kwa shanga mwaka 1977, mwaka ule ule wa sherehe za miaka 25 ya Malkia Elizabeth, panki ikiwa bado moto. Kwa hiyo wabunifu hao hawakungoja miaka mingi; gauni la pini la Versace, mbunifu wa Italia, ambalo kila mtu hulitaja ni la 1994.