Kwa dada anayeanza kazi ya kichwa wazi hapa Goma

Umepata kazi mapokezi ya hoteli, dirishani benki au kwenye duka la simu, na siku ya kwanza umeambiwa: kitambaa kichwani hapana, wigi hapana, nywele zionekane na ziwe safi. Kabla ya kukimbilia soko la Birere kununua mafuta, uliza katazo linagusa nini hasa. Mara nyingi wanachokataa ni kitambaa tu, na mistari iliyosukwa bila meshi haina neno. Wengine wanakubali fundo moja kisogoni. Uliza mapema, na uwaangalie dada waliokutangulia hapo kazini wanavaa vipi. Kila ruhusa ndogo ya namna hiyo ni siku moja katika wiki ambayo chanuo halitapita kichwani mwako.

Tunasema hivyo kwa sababu nywele za kipilipili hazikatiki kwa kuonekana. Kinachozimaliza ni mkono wa asubuhi: maji kidogo, chanuo, jeli, elastiki, na kesho tena vilevile. Unywele wetu ukiukata na kuutazama kwa ndani hauna umbo la duara, ni bapa, na kila unapojipinda pana udhaifu. Mafuta ya ngozi ya kichwa nayo yanashindwa kuteremka kwenye mikunjo yote hiyo. Nywele huota kama sentimita moja kwa mwezi, kwa hiyo ncha ya unywele wa sentimita 20 ina karibu miaka miwili kichwani. Hiyo ncha ndiyo kuukuu, ndiyo kavu, na ndiyo inayopokea chanuo kwanza. Mpango wote tunaokupa hapa una lengo moja: nywele zichanwe mara moja tu kwa wiki, siku ya kuosha, zikiwa na maji na kondishena.

Maji ndiyo ya kuanza nayo

Maji mengi ya mji huu, yawe ya bomba au ya bidoni (madumu) za ufukwe wa Kituku, yanatoka Ziwa Kivu. Ziwa limezungukwa na miamba ya volkeno, maji yake yana bikaboneti na magnesi nyingi, na pH yake (kipimo cha tindikali: namba ikiwa ndogo, tindikali ni nyingi) iko karibu na 9. Ngozi ya kichwa inapenda kati ya 4.5 na 5.5. Maji ya namna hiyo yanainua magamba madogo yanayofunika unywele, na magamba yakiinuka nywele zinanasana kama kishonanguo kwenye sketi. Ongeza sabuni ya mche: ikikutana na magnesi inatoa ule utando mweupe unaouona ukingoni mwa beseni ukimaliza kufua. Utando huohuo unabaki kichwani. Dada wengi wanalalamika kwamba nywele zao zinakataa mafuta, kumbe mafuta yanakaa juu ya utando, hayafiki kwenye unywele.

Basi sabuni ya mche iache kwa nguo, tumia shampuu. Na mwisho wa kuosha, chukua siki nyeupe kijiko kimoja cha chakula, changanya katika lita moja ya maji, mimina polepole kichwa kizima, subiri dakika mbili, kisha suuza. Siki inarudisha magamba chini, na utausikia unywele ukiteleza chini ya vidole mara moja. Usizidishe kipimo kwa kufikiri utapata faida zaidi. Ndimu usiiweke: ukali wake haupimiki, na inachoma penye mkwaruzo.

Ukivuna maji ya mvua, ni mazuri kwa kusuuza mara ya mwisho kwa sababu hayana chumvi za ziwa. Lakini acha mvua ioshe bati robo saa nzima kabla ya kukinga. Moshi wa volkeno ya Nyiragongo unaipa mvua tindikali, na majivu yanatua juu ya nyumba. Hayo ni maji ya kuosha, usiyanywe.

Bidoni moja, kichwa kimoja

Lita 20 zinatosha kwa nywele zinazofika mabegani ukizivuta, ukizigawa hivi: lita 4 za kulowesha, lita 8 za shampuu na kuisuuza, lita 5 za kutoa kondishena, lita moja ya siki, na lita 2 za kumalizia. Mimina kwa kopo, kichwa kikiwa kimeinamia beseni. Usichovye nywele zote ndani ya beseni na kuzisugua kama nguo. Hapo ndipo mafundo yanapozaliwa.

Saa moja kabla ya maji, paka mafuta ya nazi vijiko viwili vya chakula, zaidi kwenye ncha. Mafuta ya nazi yanaingia ndani ya unywele wenyewe, jambo ambalo mafuta mengi hayawezi, na yanaupunguzia kuvimba ukilowa. Gawa kichwa mafungu manane, kila fungu lisokote na ulibane. Shampuu kijiko kimoja izimue kwa nusu kikombe cha maji, mimina kwenye ngozi, sugua kwa nyama ya vidole, kucha zikae mbali. Povu linaloteremka linatosha kuosha ncha.

Kondishena usiionee uchungu: vijiko vinne hadi vitano kwa kichwa kizima. Fungua fungu moja, pitisha vidole kwanza, kisha chanuo la meno mapana, ukianzia ncha na kupanda kidogokidogo kuelekea shinani. Sikiliza. Chanuo likipita vizuri halitoi sauti. Ukisikia tik, tik, tik, hizo ni nywele zinakatika: simama, ongeza maji na kondishena, teremka sentimita mbili, anza tena. Nywele zilizobaki kwenye chanuo ziweke juu ya karatasi nyeupe uziangalie. Ndefu yenye kichembe cheupe kwenye mwisho mmoja imeanguka yenyewe kwa wakati wake, na mtu hupoteza hamsini hadi mia kwa siku bila ugonjwa wowote. Fupi isiyo na kichembe imekatika, na hiyo ni kazi ya mkono wako.

Kuhusu yai, ambalo kila jirani atakushauri: protini yake ni kubwa mno, haiingii kwenye unywele, na ukilisuuza kwa maji ya moto linaivia kichwani. Yai kula.

Kusokota Jumamosi, kufumua Jumatatu

Osha Jumamosi asubuhi. Wanaoanza kazi wanaosha Jumapili jioni na ndipo wiki inapoharibika. Goma iko karibu mita 1,500 juu ya bahari, usiku ni baridi, umeme hauna ahadi, na nywele nzito zilizosokotwa zinaweza kutaka saa 18 hadi 24 kukauka zenyewe. Ukizifumua zikiwa na unyevu zinatimka kabla ya saa nne asubuhi. Ukizilalia mbichi kila wiki, ngozi inaanza kuwasha, mba inaingia, na harufu haifichiki kwenye ofisi ndogo.

Kabla ya kusokota, jaribu krimu na jeli kwenye kiganja: kidogo cha kila moja, sugua pamoja. Zikitoa vichembe vyeupe kama unga uliovia, hazipatani, na vichembe hivyo ndivyo mteja atakavyoviona begani mwako. Zikipatana, weka kila fungu krimu ya ukubwa wa punje moja ya karanga, kisha jeli kiasi hichohicho. Sokota misokoto 14 hadi 16 kwa kichwa kizima, ukiikaza ncha zaidi kuliko shina. Shina likikazwa linauma. Ncha ikilegea inatimka. Jumapili vaa kilemba chako kanisani juu ya misokoto hiyo, hakuna atakayejua.

Jumatatu alfajiri, kabla hujafumua, shika msokoto mnene wa kisogoni na uuguse kwa upande wa ndani wa kifundo cha mkono. Ukihisi ubaridi, haujakauka. Funga nywele zote fundo siku hiyo na ufumue Jumanne. Zikiwa kavu, paka matone matatu ya mafuta viganjani, fumua kuanzia ncha, kila msokoto uugawe mara mbili tu. Zitaonekana zimebana kidogo. Ziache. Zitafunguka zenyewe kufikia Jumatano, lakini ukizigawa mara nne Jumatatu ili zijae, Jumanne huna umbo tena.

Usiku zikusanye juu ya utosi bila kukaza, funga kitambaa cha satini. Pamba inanyonya mafuta na kukwaruza. Asubuhi hakuna maji na hakuna chanuo: fungua, tikisa kwa vidole shinani, toka. Upande uliolaliwa ukibonyea, puliza maji hapo tu, sokota kwa kidole mafundo mawili matatu, kunywa chai, ukimaliza yamekaa. Kwenye chupa ya kupuliza ya mililita 200 tia gliserini kijiko kimoja cha chai wakati wa mvua. Kuanzia Juni hadi Agosti punguza iwe nusu au uiache kabisa, kwani hewa ikiwa kavu gliserini inanata, na kinachonata hapa kinakusanya vumbi. Alhamisi nenda na fundo, Ijumaa mistari miwili mikubwa. Tunajua wengi wanataka nywele wazi siku tano. Siku tatu nzuri na mbili za kufunga zinakupa nywele ndefu zaidi mwisho wa mwaka.

Barabara

Mwajiri anataka kichwa wazi kazini. Njiani hajakataza kitu. Vumbi letu ni jiwe la volkeno lililosagwa, chembe zake zina ncha kali, na kwa kuwa ni jeusi halionekani kwenye nywele nyeusi. Pitisha kitambaa cheupe kikavu juu ya nywele jioni baada ya kutoka mtaa wa Ndosho kwa pikipiki, utaona. Kisha chukua nywele chache karibu na sikio, zisugue kwa vidole viwili: ile sauti ya mchanga ndiyo msasa unaokula ncha zako mchana kutwa.

Kwa hiyo kofia ya satini kichwani kuanzia mlangoni kwako, kaske (kofia ngumu) ya motari, dereva wa pikipiki, juu yake, na vyote vivuliwe langoni mwa kazi. Kofia hiyo inakulinda pia na jasho la abiria waliokutangulia. Fua kofia mara mbili kwa wiki. Siku za jua usipake karite (mafuta ya shea) nzito juu ya nywele zilizokwisha kufumuliwa. Itashika vumbi lote la njia. Karite mahali pake ni siku ya kuosha, kwenye ncha, chini ya krimu.

Ncha zikianza kujifunga vifundo vidogo, kata nusu sentimita hadi sentimita moja kila miezi mitatu au minne, kwa mkasi wa nywele ambao haujakata kitambaa wala karatasi. Pasi ya umeme ikibidi, basi nywele ziwe kavu kabisa: maji yaliyobaki ndani yanachemka na kuupasua unywele, na uharibifu huo hakuna mafuta yanayoutibu. Aliye na defrizan (dawa ya kunyoosha nywele) kwenye ncha na kipilipili shinani aelewe kwamba unywele unakatikia pale pale zinapokutana, kwa hiyo hapo aguse kwa upole mara mbili zaidi, au akate.

Nywele za pembeni

Hapa tunaomba usikilize kuliko kote. Uongozi ukisema nywele ziwe nadhifu, dada mpya anavuta fundo mpaka macho yananyooka, anabandika nywele za paji kwa jeli na mswaki, kila siku ya kazi. Elastiki nyembamba anaivuta mara nne. Miezi inapita, pembe za paji zinarudi nyuma.

Tumia soksi ndefu ya kike: kata mguu, ufunge kama kamba pana, mzunguko mmoja tu, uingize vidole viwili chini yake bila shida. Fundo lihamishe: leo juu, wiki ijayo kisogoni, lisikae mahali pamoja mwezi mzima. Nywele za paji zilaze kwa kitambaa cha satini kilichofungwa dakika kumi wakati unavaa, mswaki uuache kwa meno.

Dalili zinakuja kwa mpangilio. Kwanza maumivu ukigusa shina jioni. Kisha vipele vidogo kando ya paji, au ngozi iliyoinuliwa na unywele kama hema dogo. Kisha nywele fupifupi zisizorefuka. Ukiwa kwenye hatua hizo, legeza leo, na nywele kwa kawaida zinarudi baada ya miezi michache. Lakini ngozi ikishakuwa laini na ya kung'aa, matundu ya nywele hayaonekani tena, pana kovu chini yake, na hapo mafuta ya nyonyo hayatasaidia kitu. Nenda kwa daktari wa ngozi kabla ya kufika huko, na siku fundo likikuuma kazini, ingia chooni ulifungue saa hiyohiyo, usisubiri jioni.